WhatsApp, Google Classroom, Kolibri au kitochi: mwalimu ashike kipi ili awafikie wanafunzi wa leo?

Mwanafunzi anayeingia sekondari leo amezaliwa M-Pesa ikiwa tayari inafanya kazi, Kenya tangu 2007 na Tanzania tangu 2008. Ameona fedha, salamu na habari za msiba zikipita kwenye simu tangu alipoanza kutambua sura za watu. Mwalimu wake, hasa aliyepita chuo cha ualimu miaka ya 1990, alifundishwa kuandaa zana kwa karatasi za manila, kuandika azimio la kazi na andalio la somo kwa mkono, na kutembea na kitabu ambacho wakati mwingine kilikuwa ni hicho hicho kimoja kwa darasa zima. Wote wawili ni watu wa akili timamu. Wamekulia tu katika nyakati tofauti, na sasa wanakaa chumba kimoja dakika arobaini kila kipindi.

Machi 2020 iliwasukuma wakutane upya. Kwa sababu ya korona, Kenya ilitangaza kufunga shule tarehe 15 Machi, Tanzania siku mbili baadaye. Tanzania iliwarudisha wanafunzi wote kufikia 29 Juni. Kenya wengi wao walikaa nyumbani hadi Januari 2021. Ndipo walimu wengi walipofungua kundi lao la kwanza la WhatsApp la wanafunzi, na swali likabaki kwenye ofisi za walimu hadi leo: nitumie kipi?

Nilinganishe njia nne ambazo mwalimu wa sekondari wa Tanzania au Kenya anaweza kuzianza bila kusubiri mradi kutoka wizarani. Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili msomaji ajue nazipimaje. Pengo kati ya mwalimu na mwanafunzi halipungui kwa sababu mwalimu amepata kifaa. Linapungua pale mwanafunzi anapopata njia ya kujibu, na mwalimu akamsikia. Wapo walimu waliohamisha notisi kutoka ubaoni kwenda kwenye PDF wakadhani wamefika. Mwanafunzi aliyekuwa kimya darasani amebaki kimya vile vile, safari hii mbele ya kioo.

Vigezo

Kila njia nitaiangalia kwa mambo matano: gharama na nani anailipa, nani anabaki nje, kazi inayomwangukia mwalimu, nafasi ya mwanafunzi kujibu, na usalama pamoja na mipaka. Mimi naweka uzito zaidi kwenye la pili na la nne. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi sitini na vipindi vingi kwa wiki ana haki ya kuanza na la tatu.

YouTube na TikTok nimeziacha nje kwa makusudi. Video nzuri inafundisha, na wapo walimu wanaofanya kazi ya kupendeza huko, lakini anayetazama mara nyingi ni mtu wa mbali. Hapa tunazungumzia mwanafunzi aliye kwenye daftari lako la mahudhurio.

1. Kundi la WhatsApp

*Gharama.* Bando la kawaida linatosha, na mzigo unategemea unachotuma. Ujumbe wa sauti wa dakika tatu hauzidi sana nusu megabaiti. Video ya somo ya dakika kumi inaweza kula makumi ya megabaiti. Tofauti hiyo mwalimu mwenye mshahara hawezi kuihisi, ila mama anayeuza mboga na ambaye simu yake ndiyo mtoto anayoitumia anaihisi jioni hiyo hiyo. Tuma sauti na picha ya ukurasa. Video iwe mara chache.

*Nani anabaki nje.* Wengi kuliko tunavyodhani. Shule nyingi Tanzania na Kenya hazimruhusu mwanafunzi kuwa na simu shuleni, kwa hiyo wa bweni hayupo kabisa hadi likizo. Wa kutwa anasubiri simu ya mzazi irudi nyumbani, na kwenye nyumba nyingi kaka hushika simu kabla ya dada. WhatsApp yenyewe inataka mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi. Tena ujumbe wa sauti unamwacha mwanafunzi kiziwi, na picha ya ubao inamwacha asiyeona. Ukimjua mmoja wao darasani, tuma sauti na maandishi kwa pamoja.

*Kazi kwa mwalimu.* Kuanza ni rahisi kuliko njia zote nne, kwa sababu mwalimu tayari anaijua kutoka kwenye kundi la ukoo na la vikoba. Ugumu unakuja baadaye. Maswali yanaingia saa nne usiku, Jumapili, siku ya harusi ya mdogo wako. Kundi linaweza kuchukua hadi watu 1,024, lakini darasa moja la watu sitini linatosha kumaliza betri ya mwalimu na subira yake. Tangaza saa za kundi. Nje ya saa hizo, lifunge kwenye mipangilio ili wasimamizi peke yao waweze kuandika.

*Mwanafunzi anajibu?* Hapa WhatsApp inanigusa. Binti ambaye hajawahi kunyoosha mkono darasani anaweza kutuma sauti ya sekunde kumi akiuliza kwa nini alama ya kutoa imegeuka kuwa ya kujumlisha, na darasa zima likanufaika. Kuna pia kura, ambayo ni njia ya haraka ya kujua nani ameelewa kabla hujaendelea na mada mpya.

Lakini hapo hapo ndipo vizazi hugongana. Mwanafunzi anaandika "mambo ticha, xjaelewa no. 4", na mwalimu aliyelelewa kwa shikamoo anahisi amevunjiwa heshima. Ushauri wangu: jibu swali kwanza. Kisha, siku nyingine, mkubaliane darasani jinsi ya kusalimiana kundini, wanafunzi wakitoa maoni nao. Ukianza kwa kukemea herufi, swali la namba nne halitaulizwa tena, na la tano pia. Kijana akishaona anasikilizwa, shikamoo hurudi yenyewe, mara nyingi na picha ya mikono iliyounganishwa.

*Usalama.* Kila aliye kundini anaona namba za wenzake, zikiwemo za mabinti wa miaka kumi na minne. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019, na namba ya simu ya mtoto ni taarifa binafsi. Kuna jambo zito zaidi: mazungumzo ya faragha kati ya mwalimu na mwanafunzi. Tume ya Utumishi wa Walimu ya Kenya ilitoa waraka Na. 3 wa 2010 kuhusu kuwalinda wanafunzi dhidi ya unyanyasaji wa kingono, na roho ya waraka ule inahamia kwenye simu bila kupungua. Kundi liwe na mwalimu wa pili, liwe na mzazi mmoja au wawili, mkuu wa shule ajue lipo, na swali la masomo lijibiwe kundini hata kama limeulizwa pembeni. Mwalimu anayeona masharti haya ni usumbufu asifungue kundi.

*Inamfaa* mwalimu wa shule ya kutwa ambaye wazazi wa wanafunzi wake wengi wana simu janja, na ambaye yuko tayari kulisimamia kundi kama anavyosimamia darasa.

2. Google Classroom

*Gharama.* Programu hii ya Google, ambayo mwalimu anaitumia kutoa, kukusanya na kusahihisha kazi za wanafunzi, ni ya bure tangu ilipotoka 2014. Gharama iko kwenye vifaa na intaneti ya kudumu. Kwenye simu inafanya kazi, ila kuandika insha kwa kidole gumba ni adhabu. Uhondo wake unaonekana kwenye kompyuta.

*Nani anabaki nje.* Kila asiye na akaunti yake mwenyewe. Mtoto wa chini ya miaka 13 hawezi kujifungulia akaunti ya kawaida ya Google peke yake, na shule inayotaka kuwafungulia wadogo inapaswa kujisajili kama taasisi na kuwa na mtu wa kusimamia akaunti hizo. Nywila zinasahaulika kila Jumatatu. Ukiwa na maabara ya kompyuta yenye mashine kumi kwa darasa la sitini, hesabu ya zamu unaijua.

*Kazi kwa mwalimu.* Mwanzo ni mgumu, kisha kunakuja nafuu ya kweli. Kazi zote zinakaa mahali pamoja, kila moja na jina la aliyeikusanya na saa aliyoikusanya. Maswali ya kuchagua jibu ukiyaweka kwenye Google Forms yanajisahihisha. Mwalimu aliyezoea kubeba mafurushi ya madaftari kwenye bodaboda ataona tofauti mwezi wa pili, si wiki ya kwanza. Wiki ya kwanza atatamani kuacha.

*Mwanafunzi anajibu?* Anajibu, kwa utaratibu. Mwalimu anaweza kuandika maoni pembeni ya sentensi fulani ya insha, mwanafunzi akarekebisha na kurudisha. Mazungumzo hayo juu ya sentensi moja ni ufundishaji wa hali ya juu, na daftari lenye "Vizuri" na sahihi nyekundu haliwezi kuyatoa. Ila ucheshi, uharaka na ule ujasiri wa sekunde kumi wa WhatsApp haupo. Hapa ni mahali pa kazi.

Suala la kunakili limekuwa kubwa tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022, na sasa hata ndani ya WhatsApp kwenyewe kuna akili unde ya kuulizwa. Insha inayoandikwa na kukusanywa mtandaoni ndiyo rahisi zaidi kuandikiwa. Mwalimu anayechagua njia hii abadilishe na aina ya kazi: aombe rasimu ya kwanza ya mkono ipigwe picha, aulize swali linalohusu soko la hapo kijijini au mahojiano na bibi, kisha ampe mwanafunzi dakika mbili darasani aeleze alichoandika.

*Usalama.* Hapa inazishinda nyingine kwa wazi. Namba za simu hazionekani, na mazungumzo ya kazi yanabaki kwenye kumbukumbu. Kwa akaunti za shule, msimamizi anaweza kumfunga mtu wa nje asiingie.

*Inamfaa* shule yenye maabara ya kompyuta inayotumika kweli, kidato cha tano na sita, na vyuo vya ualimu, ambako ni vizuri mwalimu wa kesho aionje akiwa bado mwanafunzi.

3. Kolibri na maudhui yasiyohitaji intaneti

Njia hii wengi hawaijui, na mimi naipenda waziwazi, kwa hiyo nitajitahidi kuitendea haki pamoja na kasoro zake.

Kolibri ni programu ya bure iliyotengenezwa na taasisi ya Learning Equality. Unaiweka kwenye kompyuta moja, hata ile ndogo kabisa ya Raspberry Pi, unapakua masomo mara moja mahali penye intaneti, kisha unairudisha shuleni. Pale shuleni kompyuta hiyo inatoa waifai yake isiyoenda popote nje. Vishikwambi au kompyuta nyingine zinajiunga nayo, na wanafunzi wanasoma, wanatazama video, wanafanya mazoezi. Ndani ya maktaba yake kuna masomo ya Khan Academy kwa Kiswahili na hadithi za African Storybook. Mfumo wa namna hii, wa masomo kukaa kwenye kifaa cha hapo hapo, umetumika pia kwenye shule za kambi za wakimbizi kupitia mradi wa Instant Network Schools wa UNHCR na Vodafone Foundation, ulioanzia Dadaab 2013.

*Gharama.* Kubwa mwanzoni, ndogo baadaye. Unahitaji kompyuta ya kuhudumia, vifaa vya wanafunzi, umeme au sola, na kabati lenye kufuli la kweli. Bando la kila mwezi halipo. Hii ni gharama ambayo kamati ya shule au wahitimu wa zamani wanaweza kuichangia mara moja wakaona walichonunua.

Kama hata hilo halipo, kuna toleo la mnyonge, na ninaliheshimu: kompyuta mpakato moja, projekta ya kuazima, na flashi yenye vitabu vya kiada vilivyopakuliwa bure kutoka maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Mwalimu wa Biolojia akionesha moyo ukidunda ukutani kwa dakika tatu, hahitaji tena kuchora mchoro ule ule mara nne kwa siku.

*Nani anabaki nje.* Ndani ya shule, karibu hakuna, na hiyo ndiyo nguvu yake. Mtoto wa tajiri na mtoto wa mkulima wanashika kifaa kile kile. Wa bweni wamo. Anayekosa ni yule ambaye hakuja shule siku hiyo.

*Kazi kwa mwalimu.* Inahitaji mtu mmoja shuleni anayejua kuiweka na kuizindua tena inapogoma. Asiwe mmoja, wawe wawili, kwa sababu uhamisho wa mwalimu wa TEHAMA umeua maabara nyingi ambazo mashine zake zilikuwa nzima. Masomo pia hayakupangwa kwa kufuata muhtasari wako, kwa hiyo mwalimu anakaa na azimio lake la kazi anachagua: hili linaingia wiki ya tatu, hili halituhusu.

*Mwanafunzi anajibu?* Kwa mazoezi, ndiyo. Mwalimu anaona nani amekwama kwenye hesabu za sehemu na nani amepita. Kwa maneno, hapana. Hakuna mahali pa kuuliza. Kwa hiyo kazi hiyo inarudi kwa mwalimu aliye chumbani, na hapo pana nafasi nzuri isiyotarajiwa. Wanafunzi wakiwa wanaendelea kila mmoja kwa mwendo wake, mwalimu anashuka kutoka mbele, anakaa kwenye dawati la nyuma na yule aliyekwama. Mara nyingi pia kijana wa nyuma ndiye anayemwonesha mwalimu jinsi ya kurudisha sauti iliyopotea. Mwalimu akubali kuoneshwa, aseme asante mbele ya darasa. Sijui njia ya haraka zaidi ya kupunguza umbali wa vizazi kuliko hiyo.

*Usalama.* Hakuna mgeni anayeingia, kwa sababu hakuna mlango wa nje. Hatari iliyopo ni wizi wa vifaa.

*Inamfaa* shule ya bweni, shule ya mbali na mtandao, na mwalimu anayetaka teknolojia ibaki ndani ya kipindi badala ya kumfuata nyumbani.

4. Kitochi: ujumbe mfupi na redio

*Gharama.* Ujumbe mmoja una herufi 160 na unafika kwenye simu ya bei ya chini kabisa, hata mahali ambapo intaneti inakuja kwa kupanda mlima. Redio ni betri tu.

*Nani anabaki nje.* Wachache sana. Simu ya kitochi inapatikana hata kwenye nyumba ambazo simu janja ni ndoto, na pasipo na ya nyumbani, ya jirani ipo.

*Kazi kwa mwalimu.* Kuandika swali zuri ndani ya herufi 160 ni ufundi. Habari njema ni kwamba njia hii imeshapitiwa: Eneza Education ya Kenya ilijenga huduma ya Shupavu 291 kwa ujumbe mfupi, na Shule Direct ya Tanzania, iliyoanzishwa 2013, nayo ilipeleka masomo ya sekondari kwenye simu za kawaida. Kwa redio, mwalimu anahitaji kituo cha jamii kinachokubali kumpa nusu saa, na uvumilivu wa kuandaa somo lisilo na ubao.

*Mwanafunzi anajibu?* Kwa herufi moja: A, B, C au D. Ni kidogo, lakini ni jibu, na mwalimu anayelijibu kwa jina, "Umepata, Zawadi, sasa jaribu namba 2", anamfikia mtoto ambaye hakuna kundi lingemfikia. Redio haina majibu isipokuwa kituo kiruhusu kupiga simu.

*Usalama.* Ujumbe unapita kwenye simu ya mzazi, kwa hiyo mzazi anauona, na mara nyingi anaanza kuuliza mwenyewe mtoto kajibu nini. Hilo nalihesabu kama faida.

*Inamfaa* mwalimu wa kijijini, kipindi cha likizo, na mwanafunzi ambaye kwa sababu yoyote hayupo darasani.

Uchague kwa hali yako

Ukiwa shule ya kutwa mjini, anza na WhatsApp, lakini hesabu kwanza kwa karatasi nani hana njia ya kuingia. Wakizidi robo ya darasa, kila kinachotumwa kundini kibandikwe pia kwenye ubao wa matangazo kesho yake asubuhi, na mtihani usitegemee kitu kilichokuwa kundini peke yake.

Shule ya bweni: Kolibri, au projekta na flashi kama fedha haijapatikana. Usijaribu kupitisha simu kwa mlango wa nyuma kwa sababu somo lako ni muhimu. Utamweka mwanafunzi kwenye kesi ya nidhamu ambayo si yake.

Shule yenye maabara ya kompyuta inayofungwa kwa kufuli mwaka mzima: Google Classroom, kwa somo moja na kidato kimoja, muhula mmoja. Ombeni ufunguo kwanza.

Pasipo na umeme wala mtandao wa kuaminika, ujumbe mfupi kwa wazazi unatosha kuanza. Swali moja Jumanne, jibu Alhamisi.

Tangu Novemba 2021 Tanzania inawaruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito kurudi shuleni. Mwalimu mwenye mwanafunzi wa namna hiyo nyumbani, bado hajarudi au anajipanga kurudi, atumie njia yoyote inayofika kwake, kitochi au ujumbe wa sauti, kupitia simu ya mzazi au mlezi wake, na yeye apewe maswali yale yale wanayopewa wenzake, si mepesi zaidi.

Mwalimu uliyekaribia kustaafu na unayeona haya yote yamekupita: chagua njia moja tu, umwombe mwalimu kijana wa ofisi yenu akae nawe alasiri mbili, nawe umlipe kwa kumwonesha jinsi unavyotuliza darasa la sitini bila fimbo. Anaihitaji.

Na kama tayari una kundi lililokufa, lenye PDF ishirini na hakuna sauti ya mwanafunzi hata mmoja, usifungue jipya wala usihamie programu nyingine. Ijumaa hii tuma swali moja fupi la sauti, la mada mliyofundishana wiki hiyo, na uwape hadi Jumapili jioni kujibu kwa sauti. Atakayejibu wa kwanza, mtaje kwa jina Jumatatu asubuhi, hata kama alikosea.